Kabla ya samaki, jiwe: Safari ya mama na mwana katika machimbo ya Florida

Ukitoka Miami kwenda kusini, barabara huiacha bara na kuanza kuruka kisiwa hadi kisiwa. Bahari iko kushoto, bahari iko kulia. Kando ya lami kuna vibao vidogo vya kijani vinavyohesabu maili zilizobaki kufika mji wa Key West, ambako hesabu huishia kwenye sifuri.

Karibu na kibao cha maili 85, katika kisiwa cha Windley Key, mama mmoja mzaliwa wa Mombasa alisimamisha gari Jumamosi saa nne asubuhi. Mwanawe wa miaka 11 alishuka akiwa na daftari na kalamu. Hakuja kuogelea. Alikuja kutazama mawe.

Kwa miezi minane mtoto huyo alikuwa akiomba tangi la samaki wa maji ya chumvi, lile lenye matumbawe na samaki wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Mama alikubali kwa sharti moja: kila kitakachoingia ndani ya tangi, wajue kwanza kimetoka wapi.

Sharti hilo lilikuwa na sababu. Mama alikulia pwani, na anakumbuka meza za ufukweni ambako watalii waliuziwa makombe na matawi ya matumbawe yaliyoanikwa juani hadi yakawa meupe. Utotoni alidhani ni mawe tu. Alipokuwa mtu mzima ndipo alipoelewa kwamba kila tawi lilikuwa nyumba iliyojengwa na wanyama wadogo wengi, na lilivunjwa ili likapambe kabati la mtu.

Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani, aliamua mtoto aone kwanza jiwe lenyewe ni nini.

Ukuta uliokuwa chini ya bahari

Windley Key kuna hifadhi ndogo ya jimbo, na ndani yake kuna machimbo ya zamani. Mwaka 1908 ardhi hiyo iliuzwa kwa kampuni ya reli ya tajiri Henry Flagler, aliyekuwa akijenga njia ya treni ya kuvuka visiwa hadi Key West. Mawe yalichimbwa hapa kwa ajili ya kazi hiyo, na treni ya kwanza ikafika Key West Januari 1912.

Reli haikudumu. Kimbunga cha Septemba 1935 kiliivunja na kuua mamia ya watu. Machimbo yaliendelea hadi miaka ya 1960, safari hii yakitoa vibao vya mawe ya kupambia kuta za majengo. Baadaye ukaja mpango wa kujenga nyumba za makazi mahali hapo, wakazi wakaupinga, na katika miaka ya 1980 serikali ya jimbo ikanunua eneo hilo ili lihifadhiwe.

Leo mgeni huingia kwa njia ya kivuli, katikati ya miti yenye gome jekundu linalobanduka. Wenyeji huuita mti wa mtalii, kwa sababu unafanana na mgeni aliyeungua na jua. Kisha miti inaisha, na mbele kuna kuta za mawe zilizokatwa wima kwa mashine, zenye kimo cha mita mbili na kitu.

Katika kuta hizo mwamba unaonekana ndani, kama mkate uliokatwa kwa kisu. Mtoto alipitisha kidole kwenye duara kubwa lenye mikunjo kama ya ubongo. Pembeni yake kulikuwa na jingine lenye nyota ndogo ndogo, mamia kwa mamia, kila moja kikombe alimokaa mnyama mmoja. Yote yalikuwa matumbawe.

Matumbawe hayo yaliishi yapata miaka 125,000 iliyopita. Wakati huo bahari ilikuwa juu kwa mita kadhaa kuliko ilivyo sasa, na mahali aliposimama mtoto palikuwa chini ya maji. Dunia ilipopoa na barafu kuongezeka kaskazini na kusini, bahari ilishuka. Mwamba ukaachwa nchi kavu, ukafa pale pale uliposimama, ukawa jiwe.

"Mama, haya yalikufa na nini?"

"Bahari ilishuka, mwanangu. Yakabaki juu."

"Kwa hiyo hakuna mtu aliyeyaua?"

"Hakuna."

Mtoto akaandika. Kisha akauliza kama wanaweza kuchukua kipande kimoja kidogo. Mama akamwonyesha kibao. Ndani ya hifadhi hairuhusiwi kuchukua jiwe wala jani. Lakini jiwe la namna hii halipo Windley Key peke yake. Sehemu kubwa ya kusini mwa Florida imekaa juu ya mawe ya chokaa yaliyotokana na bahari ya kale, na yapo machimbo ya bara, mbali na ufuko, yanayochimba mawe ya jamii hiyo kihalali. Baadhi ya mawe hayo ndiyo huuzwa kwa wafugaji wa samaki kwa jina la jiwe kavu.

Jiwe hai na jiwe kavu

Mzazi asiyewahi kufuga samaki wa baharini anaweza kujiuliza: kwani jiwe lina kazi gani zaidi ya urembo?

Kazi yake kubwa haionekani. Samaki hula na kutoa uchafu, na uchafu huo huzalisha amonia, ambayo ni sumu kwake. Ndani ya vitundu vya jiwe huishi bakteria. Kundi moja huigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili huigeuza naitraiti kuwa naitreti, isiyo na madhara makubwa ikiwa kidogo. Ndani zaidi, mahali oksijeni haifiki vizuri, wapo bakteria wanaoweza kuigeuza naitreti kuwa gesi ya naitrojeni, ikatoka majini. Kwa ufupi, jiwe ndilo choo na jiko la nyumba hiyo. Bila jiwe au kitu cha kushika nafasi yake, samaki hufa kwa uchafu wao wenyewe.

Zamani wafugaji walitumia zaidi jiwe hai, yaani vipande vya mwamba vilivyotolewa baharini vikiwa bado na bakteria, mwani, minyoo na kaa wadogo. Ni rahisi kuelewa kwa nini walilipenda. Jiwe hai linaingia na wakazi wake, na tangi huwahi kutulia.

Lakini kila kipande kilichotolewa baharini kiliacha pengo. Mawe ya aina hiyo ndiyo makazi ya samaki wachanga, na ndiyo mahali ambapo matumbawe mapya hushika. Florida ilipiga marufuku uvunaji wake katika maji ya jimbo mwaka 1989, na kufikia mwaka 1997 ukawa umekoma katika maji ya shirikisho pia. Hawaii nayo hairuhusu. Biashara ya kimataifa ya jiwe hai iko chini ya mkataba wa CITES, ule ule unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Mabaki ya kale yaliyokwisha kuwa jiwe hayamo katika vizuizi hivyo.

Miamba yenyewe ina shida za kutosha. Mwaka 1998 joto la bahari liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya na Tanzania. Florida ilipata zamu yake Julai 2023, pale kipimo kimoja cha majini katika ghuba ya Manatee Bay, kaskazini mwa visiwa hivi, kilipoonyesha nyuzi joto 38.4. Hayo ni maji yenye joto kuliko mwili wa binadamu. Wiki hizo watu waliokuwa wakikuza matumbawe baharini waliyatoa kwa maelfu na kuyakimbiza kwenye matangi ya nchi kavu, ikiwemo maabara iliyoko Long Key, kisiwa kingine cha barabara hii hii.

Mama alimsimulia mwanawe habari hiyo wakiwa wamekaa kwenye benchi la machimbo. Mtoto alifikiri kidogo.

"Kwa hiyo tangi linaweza kuwa hospitali."

"Linaweza. Ikiwa mwenye tangi hakubomoa nyumba ya mtu ili alijaze."

Mafungu matatu dukani

Saa saba mchana walikuwa katika duka moja la samaki bara. Mawe yalikuwa yamepangwa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza lilikuwa ndani ya maji. Lilikuwa jiwe hai, lenye madoa ya zambarau na waridi, na kaa mdogo alikuwa akichungulia kwenye tundu. Mtoto aliganda mbele ya kioo. Fungu la pili lilikuwa kwenye makreti, mawe meupe, makavu, yenye vumbi, yaliyochimbwa ardhini. La tatu lilikuwa mawe ya kutengenezwa kiwandani, yaliyofinyangwa kwa saruji na mchanga wa bahari na kupakwa rangi ya zambarau.

Mama alianza na swali lake. Jiwe hai limetoka wapi? Muuzaji alisema limetoka ng'ambo, zaidi ya hapo hakujua. Mawe meupe je? Hayo ni ya machimbo, hapa hapa Florida. Kulikuwa na kreti jingine la mawe makavu, mepesi na ya kupendeza zaidi. Hayo je? Muuzaji alikiri kwamba yalitoka kwenye miamba ya visiwa vya Bahari ya Pasifiki, kisha yakakaushwa.

Hapa ndipo wazazi wengi hupitiwa. Neno "kavu" halitoshi. Jiwe linaweza kuwa kavu kwa sababu bahari ilishuka kabla ya babu wa babu zetu, na linaweza kuwa kavu kwa sababu lilianikwa juani miaka michache iliyopita. La pili lina kasoro nyingine pia: viumbe waliofia ndani yake huacha mabaki, na mabaki hayo huachia fosfeti majini kwa muda mrefu. Fosfeti ni mbolea ya mwani. Mwenye tangi hubaki akisugua kijani kwenye kioo wiki baada ya wiki bila kujua adui yumo ndani ya jiwe.

Mama alichukua mawe meupe ya machimbo, akayapima kwa namna ambayo mzazi yeyote anaweza.

Kwanza, uzito. Alishika mawe mawili ya ukubwa unaolingana, moja kila mkono. Lile jepesi lina vitundu vingi ndani, na vitundu ndivyo nyumba za bakteria. Jiwe zito lisilo na tundu hujaza tangi bila kufanya kazi.

Pili, umbo. Mawe ya mviringo kama viazi hupangika vibaya na kuziba mzunguko wa maji. Yanayofaa ni yenye mikono, mapango na migongo bapa ya kupandishia matumbawe baadaye.

Tatu, rangi na harufu. Jiwe lenye mstari wa kutu au rangi ya kijani kama ya shaba huachwa. Shaba kidogo tu huua konokono, kamba na matumbawe. Lenye udongo uliogandamana huachwa pia, na linalonuka uozo vilevile.

Nne, siki. Tone la siki likidondoshwa kwenye jiwe la chokaa hutoa povu dogo. Povu si cheti cha usafi, lakini huonyesha kwamba jiwe ni la chokaa, kama mwamba wenyewe.

Kisha kiasi. Kanuni ya wazee wa kazi hii ilikuwa ratili moja hadi mbili kwa kila galoni. Kwa tangi la lita 200, hiyo ni kilo 24 hadi 48. Siku hizi wengi hutumia pungufu ya hapo, maana jiwe lenye vitundu vizuri hufanya kazi kubwa kwa uzito mdogo, na samaki wanahitaji nafasi ya kuogelea. Mama alitenga kilo 18.

Lakini mtoto hakuwa amesogea. Alikuwa bado mbele ya jiwe hai, akimtazama kaa.

"Mama, hili lina uhai tayari. Lile letu halina kitu."

Mama hakuwa na jibu la haraka. Jiwe hai lilikuwa ghali zaidi, lakini pesa haikuwa hoja yake kubwa. Mtoto alikuwa amengoja miezi minane, na jiwe kavu lilimaanisha kungoja tena. Walitoka nje hadi kwenye gari wakampigia simu bibi.

Simu ya Mombasa

Mombasa ilikuwa saa mbili usiku. Bibi, anayeishi Kisauni, aliweka simu kwenye spika.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mmekwenda baharini leo?"

"Tumekwenda kwenye bahari iliyokauka, bibi."

Alimweleza habari zote, za kuta, za kaa, za mawe meupe yasiyo na kitu. Bibi alisikiliza hadi mwisho.

"Hayo mawe meupe nayajua," alisema. "Kwani mji wetu umejengwa kwa nini?"

Ni kweli. Sehemu kubwa ya Mombasa imekaa juu ya mwamba wa kale wa matumbawe. Ngome ya Fort Jesus, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, imesimama juu ya jiwe hilo na kuta zake ni za jiwe hilo. Nyumba za Mji wa Kale ni hivyo hivyo. Na kaskazini mwa mji, Bamburi, jiwe hilo limechimbwa kutengeneza saruji tangu miaka ya 1950.

Bibi aliyaona machimbo ya Bamburi ujanani mwake. "Lilikuwa shimo jeupe, mjukuu wangu. Jua likipiga huwezi kutazama. Hata jani halikuota. Watu wakasema hapa pamekufa."

Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo René Haller alianza kupanda miti mle. Alijaribu aina 26. Iliyofaulu zaidi ni mvinje, kwa kuwa huvumilia chumvi na jiwe tupu. Mivinje ikakua, lakini ikaja shida nyingine. Majani yake yaliyodondoka hayakuoza. Yalirundikana tu, na bila kuoza hapakuwa na udongo.

"Unajua nani alileta udongo?" bibi aliuliza.

"Nani, bibi?"

"Jongoo."

Mtoto alicheka. Bibi hakucheka. Jongoo wekundu walikusanywa na kuachiwa mle ndani. Walikula majani makavu ya mvinje, kinyesi chao kikawa chakula cha bakteria, na pole pole jiwe likavaa udongo. Baada ya jongoo ikaja miti mingine, wakaja ndege na wanyama. Mwaka 1984 wageni wakaanza kuingia kutembea. Leo panaitwa Haller Park, na ndipo alipopelekwa kiboko mchanga Owen, aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004, akafanya urafiki na kobe mzee aitwaye Mzee.

"Hawakwenda kubeba msitu wa watu wakauleta pale," bibi alisema. "Walianza na jiwe tupu na jongoo. Nawe anza na jongoo wako. Mwenda pole hajikwai."

Mtoto alirudi dukani. Alimtazama kaa mara moja tena, kisha akaenda kwenye kreti la mawe meupe na kuanza kupima mepesi na mazito kwa mikono yake.

Wiki za maji matupu

Nyumbani kazi ilianza uani. Mawe yalisuguliwa kwa brashi ngumu na kuoshwa kwa maji mengi hadi vumbi likaisha. Yakawekwa kwenye pipa safi la plastiki lenye maji ya chumvi, pampu ya kuzungusha maji na hita, pipa likafunikwa mwanga usiingie. Kila wiki mtoto alipima fosfeti na kuandika. Ilipopanda, walibadilisha maji.

Wapo watu wanaosafisha mawe kwa asidi ya kusafishia sakafu. Katika nyumba yenye watoto hilo halina haja. Maji na muda hufanya kazi hiyo hiyo bila kuunguza mtu.

Mawe yalipokuwa tayari, yalipangwa ndani ya tangi kabla ya mchanga. Huu ni utaratibu wa usalama. Jiwe likikaa juu ya mchanga, samaki au kamba anayechimba anaweza kuufukua chini yake, jiwe likaanguka na kupasua kioo. Mawe makubwa yalikaa chini, yakaungwa na ya juu kwa gundi maalumu ya tangi, na nafasi ya vidole vinne ikaachwa nyuma ili maji yapite na brashi ifike.

Baba naye alikuwa na kazi yake. Lita 200 za maji ni kilo 200 na zaidi, bado jiwe, mchanga na kioo. Meza ya kawaida haiwezi. Alihakikisha stendi ni imara na iko sawa, na nyaya zote za umeme akaziacha zining'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili maji yakiteleza juu ya waya yadondoke sakafuni yasiingie kwenye umeme.

Kisha wakaweka chakula kidogo cha samaki kioze, na chupa ya bakteria kutoka dukani. Hapakuwa na samaki. Amonia ilipanda, ikashuka. Naitraiti ikapanda, ikashuka. Hatua hiyo kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita, wakati mwingine zaidi. Samaki haingii hadi amonia na naitraiti zote zisome sifuri, siku kadhaa mfululizo.

Wiki ya saba mawe meupe yaligeuka kahawia, kana kwamba yamepakwa tope. Mtoto alikuja jikoni karibu na machozi.

"Mama, limeharibika."

Halikuwa limeharibika. Jiwe kavu hupitia hatua hiyo karibu kila mara. Kwa kuwa halina wakazi, wa kwanza kuhamia ni mwani mdogo wa kahawia, kisha wa kijani. Wanaokosa subira humwaga dawa, au huyatupa mawe na kwenda kununua jiwe hai. Wanaosubiri huongeza konokono, hupunguza saa za taa, hubadilisha maji, na baada ya wiki au miezi kadhaa jiwe hutulia.

Yanayomhusu mzazi moja kwa moja

Liko jambo moja ambalo kila mzazi mwenye tangi la bahari, au anayefikiria kulinunua, alijue. Jiwe lolote lililowahi kuwa na viumbe halichemshwi kamwe. Baadhi ya viumbe wanaofanana na maua madogo, ambao hushika kwenye jiwe hai, wana sumu kali iitwayo palitoksini. Jiwe likichemshwa au kumwagiwa maji ya moto, sumu hupanda na mvuke. Ziko familia katika nchi mbalimbali ambazo zililazwa hospitali nzima, wazazi kwa watoto, kwa kusafisha mawe ya tangi kwa njia hiyo. Glavu na miwani ya kinga huvaliwa wakati wa kushika mawe hayo, na mikono huoshwa kila mara.

Jiwe la machimbo halina hatari hiyo linapoingia nyumbani. Pia haliji na wageni wabaya wanaojificha kwenye jiwe hai, kama kamba wa kupiga, aitwaye mantisi, anayeweza kuua samaki wa tangi usiku, au maua ya bahari yanayozaana hadi yakafunika kila kitu.

Kasoro ya jiwe kavu ni ile aliyoisema mtoto dukani: halina kitu. Dawa yake ni kuongeza mbegu kidogo. Wiki ya tisa mama alipata kipande kimoja cha jiwe hai kisichozidi ngumi, na safari hii muuzaji alijua kilikotoka. Kilikuzwa Florida. Huko wapo wakulima wa baharini wenye kibali ambao hushusha mawe ya machimbo kwenye eneo la bahari walilokodi, wakayaacha yashike viumbe, kisha wakayavuna yale yale waliyoyaweka. Sheria inataka mawe hayo yatofautike na mwamba wa asili, ili mtu asivune mwamba akasema ni shamba.

Mtoto alikikagua kipande hicho pande zote kutafuta maua ya bahari, kama alivyoelekezwa, ndipo akakiweka katikati ya mawe yake.

Wiki ya kumi na moja walimpigia bibi kwa video. Asubuhi Florida, jioni Mombasa. Bibi alivaa miwani.

"Haya, samaki wako wapi?"

"Bado, bibi. Wiki ijayo, wawili tu. Lakini tazama hapa."

Alisogeza simu karibu na kioo. Kwenye jiwe moja palikuwa na doa la waridi, dogo kama punje ya mchele. Na juu ya kioo vilitambaa vijidudu vyeupe, vidogo kuliko nukta ya kalamu, vikienda na kurudi, vikila vumbi la kahawia.

"Ndio nini hivyo?" bibi aliuliza.

"Ndio jongoo wangu," mjukuu akajibu, akaanza kumhesabia.